Ngitili Imefungwa, Karibu Utembee

Krismasi ya Moshi huonekana barabarani. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi yanajaa, nauli inakuwa gumzo, na magari madogo kutoka Dar es Salaam yanapanda kuelekea migombani yakiwa yamesheheni watoto na mizigo. Krismasi ya Bariadi haina picha ya namna hiyo. Tarehe 25 Desemba inatukuta shambani. Mvua zimeshalainisha ardhi, mbegu za pamba zimefukiwa, mahindi yanafika magotini, na magugu hayana habari kwamba Mwokozi amezaliwa. Asubuhi watu wanakwenda kanisani, mchana wanakula wali na kuku, jioni wanapiga soga mlangoni. Tarehe 26 alfajiri unasikia majembe.

Si kwamba Wasukuma hatujui kusherehekea. Sherehe zetu zina msimu wake, nao ni baada ya mavuno. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili makubwa ya ngoma, hushindana kuanzia Juni, pamba ikiwa imepimwa na chakula kimeingia ghalani, na mtu ana nguvu za kucheza hata na nyoka shingoni. Anayetaka makelele ya Usukumani aje wakati huo. Desemba atakuta watu wamechoka, wanalala saa mbili usiku, na siku ya pili ataanza kuuliza hapa pa kwenda ni wapi.

Pa kwenda ni kwenye ngitili.

Nafundisha Jiografia katika sekondari moja wilayani Makete, mkoa wa Njombe. Huko, Juni na Julai, sakitu huanguka: unaamka nyasi za uwanja wa mpira zimekuwa nyeupe, zinavunjika chini ya kiatu, na majani ya viazi mviringo yamebabuka. Wanafunzi hupenda kuniuliza kama na kwetu Bariadi sakitu ipo, nami huwachorea ubaoni. Uwanda wa Kitulo kule kwao uko juu ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari; Bariadi iko kwenye mita 1,300 hivi, karibu zaidi na Ikweta. Usiku wa anga tupu, jani la nyasi kule Kitulo hupoa hadi chini ya sifuri, na mvuke wa hewani ukalikuta ukaganda palepale. Jani la Bariadi nalo hupoa, ila halifiki huko, na mvuke unatua ukiwa maji. Wao wana sakitu, sisi tuna umande. Na mtu aliyewahi kupita kwenye nyasi ndefu za Desemba saa kumi na mbili asubuhi, suruali ikalowa hadi mapajani, hawezi kuniambia kwamba umande si baridi.

Kutoka Makete hadi kwetu ni kuikata nchi: Makambako, Iringa, Dodoma, Singida, Nzega, Tinde, Shinyanga, kisha unakata kulia pale Mwigumbi na kupita Maswa. Mtu akifika hana hamu ya kuona stendi nyingine. Nanywa chai na matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa tangu kiangazi, nasikiliza habari za nani kaoa na nani kauza ng'ombe. Halafu baba, ambaye magoti yake hayapendi tena mteremko, hunipa kazi yangu ya likizo: "Mayu, nenda na baba yako mdogo mkanitazamie ngitili."

Kwa wasioijua, nieleze. Ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo mwenye nalo hulifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, mbuzi haingii, panga haliingii. Linabaki hivyo miezi yote ya mvua, nyasi zinakomaa na kukaukia zikiwa zimesimama. Kiangazi kikishakolea, kuanzia Julai na kuendelea, malisho ya nje yakiwa yamebaki vumbi, ndipo linafunguliwa, tena kwa vipande. Wa kwanza kuingia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia, kwa sababu mvua ikidondoka Novemba maksai aliyekonda hawezi kuvuta plau. Ni ghala la chakula cha mifugo ambalo halina paa. Zipo ngitili za kaya, zipo za kijiji, na zipo za shule na za makanisa. Ya kwetu ni ya kaya. Haikufungwa kwa waya wala kwa geti. Mpaka wake ni mstari wa minyaa upande mmoja, kijito upande wa pili, na kwingineko ni kujuana tu.

Mwenda kwa miguu haruhusiwi wala hakatazwi. Anatoa taarifa. Ukimkuta mwenye ngitili nyumbani unamwambia unapita, basi. Kuokota uyoga na kuchuma mboga za porini ni jambo dogo, kuokota kuni kavu kunaombwa, na kukata mti mbichi ni kesi.

Hatutoki kabla jua halijaonekana. Fisi wa mkoa wetu wa Simiyu si hadithi ya kutishia watoto. Katika vijiji vyetu, hasa kule Itilima, wamejeruhi na kuua watu, wengi wao watoto, na giza la alfajiri ni saa zao. Basi tunasubiri mwanga. Baba mdogo huvaa gambuti na kofia ya pama na kushika fimbo. Mimi gambuti pia, maana kifutu hulala njiani bila kujali nani anapita.

Nyumba zetu ziko juu, kwenye luseni, udongo wa kichanga unaolimika kirahisi. Tunateremka tukipita karanga, kisha pamba iliyotoa majani manne, kila mtu tunayemkuta ameinama na jembe. "Mwangaluka!" "Mwangaluka, mhola?" "Mhola duhu." Wanatutazama kwa huruma kidogo, hasa mimi, mtu mzima anayetembea asubuhi ya kazi bila jembe. Chini zaidi ardhi inakuwa ngumu na nyeupe, hiyo ndiyo itogolo, jembe la mkono linadunda juu yake. Na chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaoshika gambuti na kukataa kuiachia, ambako watu wametengeneza majaruba ya mpunga. Ngitili yetu iko hapo katikati, kwenye itogolo, inagusa mbuga kwa chini. Ngitili nyingi ziko mahali pa namna hii. Wazee hawakutenga ardhi bora. Walitenga ardhi ambayo jembe halikuitaka, wakaipa kazi nyingine.

Ukivuka mstari wa minyaa unasikia mabadiliko kabla ya kuyaona. Hewa inapoa. Nyasi zinafika mapajani na kila ncha imebeba tone. Utando wa buibui umetandazwa kati ya mkole na mkulagembe, nao unaonekana kwa sababu tu ya umande; saa tatu utakuwa umepotea machoni. Migunga mirefu iko juu, mikwaju miwili mikubwa iko upande wa kijito, na mng'ongo mmoja ambao baba anautaja kama mtu wa ukoo. Kwale wanapaa ghafla miguuni na kukushtua. Kanga hawapai, wanakimbia. Kwenye vichuguu, kumbikumbi waliotoka usiku wameacha mabawa yao, na uyoga umeanza kutoa vichwa. Baba mdogo huinama kwenye uyoga, huuchunguza, huuacha ukue, kisha hunikataza kumwambia mtu yeyote nilichokiona.

Chini, udongo unapoanza kuwa mweusi, kuna migunga mifupi isiyozidi kimo cha mtu mara mbili, yenye miiba mirefu na vinundu vyeusi vilivyotobolewa. Ndani ya vinundu wanaishi sisimizi. Mti unawapa nyumba na utamu kidogo unaotoka kwenye majani, wao wanaulinda. Gusa tawi, watamiminika mkononi mwako kwa hasira, na mbuzi aliyejaribu mara moja harudii haraka. Upepo ukivuma, yale matundu yanapiga mluzi. Asubuhi tulivu hutausikia. Upepo wa saa nne unausikia vizuri, kichaka kizima kinaimba kwa sauti nyembamba, na wanafunzi wangu wa Makete wakisikia habari hii wanadhani mwalimu anatunga.

Juu ya vichwa kuna wageni. Mbayuwayu wanaopita chini chini juu ya nyasi Desemba wengi wao wameangua Ulaya, na vivyo hivyo keremkerem wanaozunguka kwa makundi wakiita, na korongo weupe wanaotembea mbugani kwa mwendo wa wakaguzi. Wamekimbia majira ambayo huko kwao ardhi imeganda na wadudu wametoweka. Ukitaka kujua baridi ya Ulaya inatuhusu nini sisi wa Bariadi, ndiyo hiyo: inatuletea ndege wanaokula viwavijeshi bila malipo katika mwezi ambao mahindi yetu ndiyo kwanza yanainuka.

"Hapa," baba mdogo anasema, akigonga gome la mgunga kwa fimbo, "hakuna mti hata mmoja uliopandwa na mtu."

Anasema hivyo kila mwaka, na kila mwaka ninamwacha aseme, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Yeye na baba walikua mahali hapa palipokuwa pakavu na peupe. Wakiwa watoto kivuli cha kuchungia kilikuwa cha kutafuta, na bibi aliyetaka kuni alitoka asubuhi akarudi mchana.

Ilifikaje huko? Ardhi hii ilikatwa miti kwa amri. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilipambana na mbung'o, na dawa iliyoaminiwa ilikuwa kufyeka vichaka anamojificha. Shinyanga palikuwa makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika, chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o walipungua kweli. Watu na ng'ombe wakajaa palipofyekwa, pamba ikaja ikataka mashamba mapya, na miti iliyosalia ikaisha kwa kuni na mazizi. Ngitili zilikuwepo tangu zamani na zilihimili mengi, mpaka miaka ya 1970 tulipohamishiwa vijijini. Mtu akihamishwa kilomita kadhaa kutoka ngitili yake, nani ataifunga? Kilichokuwa cha baba fulani kikawa cha kila mtu, na ng'ombe wa kila mtu wakaingia. Sisemi Ujamaa haukuwa na mazuri yake, nilisoma kwenye shule iliyojengwa wakati ule. Lakini kwa ngitili lilikuwa pigo.

Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ilikuwa ikiitwa jangwa. Mwalimu Nyerere alitembelea, akaona, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wote tunauita HASHI, kwa msaada mkubwa wa Norway. Mwanzoni HASHI nayo ilifanya kile ambacho miradi hufanya: vitalu, miche, siku za kupanda miti. Wakulima walipokea miche kwa adabu. Lakini walipoulizwa wao wangependa nini, walisema ngitili. Na chini ya ardhi iliyoonekana imekufa kulikuwa na visiki vyenye mizizi hai na mbegu za migunga ambazo mbuzi walikuwa wamezila pamoja na maganda na kuzisambaza kwenye samadi. Zilihitaji kitu kimoja, zisikanyagwe wala kutafunwa kwa misimu michache. Siku hizi kampeni ya Kisiki Hai kule Dodoma inafundisha jambo la jamaa moja na hilo.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilizorudishwa katika mkoa wote wa zamani zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Sijui mradi mwingine wa miti nchini uliofika karibu na hapo, na siri yake si fedha za Norway peke yake. Ni kwamba sheria zilikuwepo tayari. Dagashida, baraza la wenyeji, ndilo linaloamua ngitili ifungwe lini, ifunguliwe lini na aliyeingiza ng'ombe alipe nini. Sungusungu ndio wanaokamata. Bwana misitu wa wilaya ana pikipiki moja na vijiji visivyohesabika; sungusungu wako kila kitongoji na wanamjua kila ng'ombe kwa rangi yake.

Tena watu walipata kitu. Utafiti ulioongozwa na Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, uliotolewa mwaka 2005, ulikadiria kwamba faida za ngitili, yaani kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa, asali, uyoga na malisho, zilifikia dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Walihesabu pia aina 152 za mimea. Baba hahesabu dola. Yeye husema ngitili ilimsomesha binti yake, maana miaka ya ukame majirani walipouza ng'ombe waliokonda kwa bei ya kutupa, wake walikuwa na pa kula, wakauzwa kwa bei yao.

Tukifika kwenye kijito tunakaa juu ya jiwe, tunakula matobolwa, na hapo ndipo baba mdogo huacha habari za uyoga na kuanza habari za mipaka. Upande wa mashariki jirani amefariki, watoto wake saba wamegawana ngitili vipande saba. Wawili wamelima pamba, mmoja amechoma mkaa ukaenda kuuzwa mjini, mmoja yuko Mwanza na hajawahi kuja kuona kipande chake. Waliobaki watatu wamekata tamaa ya kulinda, kwa sababu huwezi kufunga upenyo wa mita hamsini katikati ya mashamba.

Hii, kwa maoni yangu, ndiyo hatari kubwa kuliko ukame na kuliko mkaa. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012 sensa ilikuta watu zaidi ya milioni 1.5, sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 2.1. Ardhi haikuongezeka hata kidogo. Shamba la pamba likigawanywa mara saba bado ni mashamba saba madogo, yanalimika. Ngitili ikigawanywa mara saba haipo tena. Maksai hawawezi kulishwa ndani ya kipande cha aina hiyo kwa mwezi, kanga hawezi kuatamia, na sungusungu hawajui wamkamatie nani.

Nyumbani kwetu tuko ndugu kadhaa na zamu yetu inakuja. Kaka zangu wanajadili mgawanyo bila mimi, kwa desturi ile ya kwamba binti ataolewa na ardhi ya kwao haimhusu. Sikasiriki sana siku hizi. Najibu kwa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Sheria hiyohiyo inaruhusu familia au kikundi kupewa hati ya haki miliki ya kimila kwa pamoja. Pendekezo langu kwao ni fupi: mashamba yagawanywe, nyumba zigawanywe, ng'ombe wagawanywe hadi mkia wa mwisho, lakini ngitili ibaki moja, iandikwe majina yetu sote, na anayetaka kutoka atoke bila kukata kipande. Mmoja amekubali. Mwingine anasema nimekaa sana kwenye sakitu, akili imeganda. Baba anasikiliza na kunyamaza, ila mwaka huu alitoka na magoti yake hadi kwenye mstari wa minyaa na kumwonyesha mjukuu wake kila kona.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukija likizo Simiyu na ukaona kimya kimekuzidi, usikimbilie mjini kutafuta muziki. Vaa gambuti, subiri jua, toa taarifa, uteremke. Na kama ngitili hiyo ni ya kwenu, mwombe mzee akuonyeshe mipaka angali anaikumbuka, uiandike, uhesabu miti ya mpakani, kisha mkae kama familia kabla watu hawajarudi Dar na Mwanza. Maombi ya hati ya kimila hupelekwa Halmashauri ya Kijiji, na ofisi ya kijiji iko wazi mara tu baada ya Mwaka Mpya.